Ugomvi wa Kazi: Msuluhishi Si Hakimu

Msimu wa tumbaku ukifika mwisho, katika vijiji vingi vya Tabora husikika maneno ya namna mbili. Upande mmoja utasikia: "Nimefanya kazi tangu vitaluni mpaka kwenye bani, leo nazungushwa." Upande wa pili utasikia: "Nimemlisha, nimemtibu, kaniharibia tumbaku, na bado anadai zote." Wa kwanza ni kibarua. Wa pili ni mkulima aliyemwajiri. Wote wawili wana hasira, na mara nyingi kila mmoja ana haki yake na kosa lake.

Ugomvi wa namna hii hauko kwenye tumbaku peke yake. Uko kati ya mwenye ng'ombe na mchungaji. Uko kati ya fundi na saidia fundi. Uko kati ya mama lishe na msichana wake wa kazi, kati ya chama cha msingi na mlinzi wa ghala, kati ya mwenye mashine ya kusaga na kijana anayeiendesha. Penye kazi ya mtu na fedha ya mtu, kutoelewana hakukosi.

Swali ni hili: ugomvi huo tuumalize vipi? Wengine huumaliza kwa ngumi. Wengine huondoka usiku na baiskeli ya tajiri. Wengine hunyamaza, wakaondoka na uchungu moyoni na mfuko mtupu. Zote hizo ni njia za hasara. Leo tuzungumze juu ya njia ya usuluhishi: ni nini, inafanywaje, na sheria ya nchi yetu inasema nini juu yake.

USULUHISHI NI NINI?

Usuluhishi ni kazi ya mtu wa tatu kuwasaidia watu wawili wanaogombana mpaka wapatane. Mtu huyo wa tatu anaitwa msuluhishi.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hulikosea. Msuluhishi si hakimu. Hakimu husikiliza pande zote mbili, halafu hukata shauri. Mmoja ameshinda, mwingine ameshindwa, basi. Msuluhishi hakati shauri. Anasikiliza, anauliza, anapeleka neno la huyu kwa yule, mpaka wenyewe waone njia ya kutokea. Akianza kusema, "Wewe una makosa, lipa," hapo ameacha kusuluhisha, ameanza kuhukumu.

Labda utauliza: "Sasa kama hana nguvu ya kuamua, faida yake ni nini?" Faida yake ni hii. Uamuzi wa hakimu ni wa hakimu. Mapatano ni ya wenye ugomvi. Mtu hulitimiza kwa moyo neno alilolikubali mwenyewe kuliko neno alilolazimishwa. Na kijijini tunaishi pamoja. Mkulima na kibarua watakutana kisimani, msibani na mnadani. Mwakani huyu atahitaji mikono ya kazi, na yule atahitaji kazi.

NJIA YA MISAFARA INATUFUNDISHA NINI?

Sisi watu wa Tabora tuna historia katika jambo hili. Katika karne ya 19, kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora. Kutoka hapa njia moja iliendelea magharibi mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya zilipanda bara.

Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na hilo ni jeraha tusilolisahau. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru, waliobeba mizigo kwa ujira. Kwa maneno ya leo, walikuwa wafanyakazi, na mwenye msafara alikuwa mwajiri wao.

Kazi yao haikuwa ya mchezo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi, na mara nyingine ulizidi. Kutoka pwani mpaka Tabora ni kilometa 800 hivi, zote kwa miguu. Safari ilichukua miezi miwili, mitatu, au zaidi. Njiani mpagazi alipewa posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga za kununulia chakula.

Ugomvi ulikuwa mwingi. Mzigo mzito, posho ndogo, mwendo mrefu, siku za kupumzika chache. Wapagazi wakizidiwa waliweka mizigo chini wakagoma, au walitoroka usiku. Tajiri naye alitumia viboko, au alizuia posho. Je, nani alipata faida? Hakuna. Tajiri alibaki porini na mizigo isiyo na wabebaji. Mpagazi aliyetoroka alipoteza ujira wake uliobaki, na peke yake njiani alikuwa katika hatari.

Porini hapakuwa na polisi wala mahakama ya kukimbilia. Basi ugomvi ulimalizwaje? Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya kirangozi. Kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya msafara na bendera, maana aliijua njia. Lakini kazi yake haikuwa kuonyesha njia tu. Alikuwa pia mtu wa kati. Wapagazi walimsikiliza kwa sababu alitoka miongoni mwao. Tajiri alimhitaji kwa sababu bila yeye watu hawakunyanyuka. Malalamiko ya wapagazi yalifika kwa tajiri kwa kinywa chake, na jibu la tajiri likarudi kwa kinywa hicho hicho. Watu waliketi shauri, wakazungumza mpaka maneno yakaisha, na mizigo ikainuliwa.

Wazungu waliosafiri njia hii, kama Richard Burton aliyefika hapa mwezi Novemba 1857, waliandika mengi juu ya kirangozi na wapagazi. Mara nyingi walinung'unika kwamba mashauri yanapoteza muda. Lakini siku moja ya shauri ilikuwa afadhali kuliko mwezi wa kukaa porini bila wabebaji.

Kitu cha pili kilichosaidia kilikuwa utani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo tunaujua wote. Wanahistoria wanaeleza kwamba utani wa makabila yetu ulipata nguvu nyingi katika njia hii ya misafara, watu wa bara na watu wa pwani walipokutana mwaka hata mwaka. Mtani anaweza kukuambia ukweli mchungu, nawe ukacheka badala ya kushika fimbo. Hilo ni somo kwa msuluhishi: ukweli usemwe, lakini bila tusi.

Kwa hiyo njia ya misafara inatupa mafunzo matatu. Kwanza, mtu wa kati lazima aaminiwe na pande zote mbili. Pili, ugomvi uzungumzwe mapema, kabla mizigo haijawekwa chini. Tatu, shabaha si nani kashinda, shabaha ni safari iendelee.

MFANO: MKULIMA NA KIBARUA

Sasa tuchukue mfano wa siku hizi. Huu ni mfano wa kujifunzia tu, lakini mambo yaliyomo mnayajua.

Kijana ametoka Kasulu, kaja kufanya kibarua kwa mkulima wa tumbaku. Wamekubaliana kwa mdomo shilingi 700,000 kwa msimu mzima, chakula na mahali pa kulala juu ya mkulima. Hakuna aliyeandika. Kidogo kidogo kijana amekwisha kuchukua shilingi 150,000. Mwezi Machi moto ukazidi katika bani moja, na tumbaku iliyokuwa ndani ikaharibika.

Msimu umekwisha. Mkulima anasema: "Nakata 200,000 za bani. Zimebaki 350,000, na hizo utazipata chama kikilipwa." Kijana anasema: "Nataka 550,000 zangu, na ninazitaka leo." Wanatukanana mbele ya watu. Mkulima anamwita kijana mwizi. Kijana anaapa kuchoma bani lililobaki.

Bahati njema yuko mama mmoja kijijini, mtu mzima, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mkulima anamheshimu. Kijana naye anamjua, maana hununua maandazi kwake. Wote wawili wanakubali awasikilize.

Kwanza anamwita kila mmoja peke yake. Anamwambia mkulima: "Baba, tuache fedha kidogo. Kitu gani kinakuuma zaidi?"

Mkulima anajibu: "Mama, mbolea ile niliikopa. Bani lile ndilo lingelipa deni. Sasa nitakatwa, na watoto wako shule. Yeye alilala, mimi naumia."

Anamwuliza kijana swali hilo hilo. Kijana anasema: "Mama, usiku ule ulikuwa wa tatu sijafumba jicho. Mzee aliniahidi mtu wa kupokezana naye, hakuja. Fedha naweza kusubiri. Lakini kuniita mwizi mbele ya watu ambao mwakani ndio nitawaomba kazi, hapana."

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Katika ugomvi wa hadharani mkulima hakutaja deni, wala kijana hakutaja usiku wa tatu. Walitajiana fedha tu. Fedha ilikuwa juu, jambo lenyewe lilikuwa chini yake.

Siku ya pili mama anawakalisha pamoja chini ya mwembe. Kila mmoja anasema yake, na mwenzake haruhusiwi kumkatiza. Akimaliza, mwenzake anaambiwa: "Hebu rudia. Amesema nini?" Mkulima anarudia polepole: "Anasema alikuwa hajalala siku tatu, na kwamba mtu wa kupokezana sikumleta." Ananyamaza, halafu anaongeza: "Ni kweli, sikumleta." Kijana naye anarudia: "Mzee anasema bani lile lilikuwa la kulipa deni la mbolea. Hilo nilikuwa silijui."

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Wanapatana hivi:

Ujira wa msimu: shilingi 700,000.
Alizokwisha kuchukua: shilingi 150,000.
Mchango wake katika hasara ya bani: shilingi 50,000.
Anazobaki kudai: shilingi 500,000.

Mkulima atalipa 300,000 wiki hiyo hiyo. Atalipa 200,000 siku ya malipo ya chama. Na atasema mbele ya majirani kwamba kijana hakuiba kitu. Kijana naye atamaliza kufunga marobota yaliyobaki, na atafuta kiapo chake cha kuchoma bani.

Nani aliamua? Si yule mama. Yeye aliuliza, akasikiliza, akahesabu. Walioamua ni wenye ugomvi.

HATUA ZA KUFUATA

Ukiombwa kusuluhisha, fuata hatua hizi:

1. Hakikisha pande zote mbili zinakukubali. Kama wewe ni shemeji wa mkulima, au unamdai kijana, jitoe. Usuluhishi wa mtu mwenye upande hauaminiwi.

2. Msikilize kila mmoja peke yake. Usipeleke siri ya huyu kwa yule bila ruhusa.

3. Wakutanishe mahali ambapo si kwa huyu wala si kwa yule. Usiwakutanishe kilabuni. Pombe na sulhu havikai chungu kimoja.

4. Kila mmoja aseme bila kukatizwa, na mwenzake arudie alichosikia.

5. Tenganisha mtu na jambo. Badala ya "Wewe ni mvivu," aseme "Jumatatu na Jumanne hukuja shambani." La kwanza ni tusi. La pili linaweza kujibiwa.

6. Pigeni hesabu pamoja, kwa maandishi, kila mmoja akiona.

7. Uliza: "Ninyi wenyewe mnaonaje? Tufanyeje?" Usiharakishe kutoa jibu lako.

8. Mkipatana, andikeni. Someni kwa sauti. Kila upande uweke sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili.

SHERIA INASEMA NINI?

Usuluhishi wa kienyeji ni mzuri, lakini hauwezi kuvunja sheria. Msuluhishi asiyejua sheria anaweza kumpatanisha mnyonge na dhuluma.

Nchi yetu ina sheria inayoitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Inamhusu mfanyakazi wa kiwandani, na inamhusu pia kibarua wa shambani. Tuangalie mambo mawili yanayogusa mfano wetu.

Jambo la kwanza ni maandishi. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, kuanzia lini, mahali gani, saa ngapi, ujira gani. Hii haimhusu yule anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri huyo. Kama maandishi hayapo na kesi ikazuka, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Kwa hiyo, ndugu mkulima, karatasi hiyo inakulinda wewe pia.

Jambo la pili ni kukata ujira kwa sababu ya hasara. Mwajiri hawezi kukata anavyotaka. Lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Lazima aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Lazima mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea. Na makato yasizidi robo ya ujira wa fedha. Robo ya 700,000 ni 175,000. Kwa hiyo zile 200,000 alizotaka kukata mkulima wetu zilikuwa zimepita mpaka. Tena hakuandika lolote, wala hakumsikiliza kijana kwanza.

MKISHINDWA KUPATANA

Si kila ugomvi huisha chini ya mwembe. Zamani, baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1964 ilianzisha kamati za wafanyakazi katika sehemu za kazi, na mabaraza ya usuluhishi. Wazee waliofanya kazi relini na viwandani watakumbuka kamati hizo. Siku hizi kipo chombo kingine. Kinaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kiliundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004, na kilianza kazi mwaka 2007. Tume ina ofisi mikoani, pamoja na Tabora mjini.

Utaratibu wake ni huu. Mwenye malalamiko hujaza fomu namba 1 ya Tume. Nakala moja humpelekea yule anayemlalamikia, na nyingine huipeleka ofisi ya Tume pamoja na uthibitisho kwamba mwenzake amepata yake. Huduma ya usuluhishi hailipiwi. Halafu Tume huwaita wote wawili mbele ya msuluhishi. Usuluhishi huo una siku 30, isipokuwa pande zote mbili zikikubaliana kwa maandishi kuongeza muda. Mnayoyasema humo ni ya siri. Mkipatana, mnatia sahihi, na mapatano hayo yanawafunga wote. Msipopatana, shauri huenda kwa mwamuzi. Mwamuzi hana kazi ya kupatanisha: anasikiliza ushahidi na kukata shauri. Asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Kwa hiyo hata serikalini usuluhishi ndio mlango wa kwanza. Hukumu hufuata mlango huo ukishindikana.

SIKU ZINAHESABIKA

Hapa naomba usome polepole, maana wengi wamepoteza haki zao hapa.

Kama umeachishwa kazi na unaona umeonewa, una siku 30 tu za kupeleka malalamiko kwenye Tume, tangu siku ulipoachishwa. Kwa magomvi mengine ya kazi, kama kunyimwa ujira, una siku 60 tangu ugomvi ulipotokea. Aliyechelewa lazima aombe kusamehewa na atoe sababu ya maana. Anaweza kukataliwa.

Na kukaa kwa wazee hakusimamishi siku hizo. Mwajiri mjanja anaweza kusema, "Tuzungumze wiki ijayo," kisha wiki nyingine, kisha baada ya mavuno, mpaka siku zimekwisha. Mwajiri mwema naye anaweza kuchelewa bila ubaya wowote, kwa kusubiri fedha ya chama. Kwa mfanyakazi matokeo ni yale yale.

Basi fanya hivi. Siku ugomvi unapotokea, andika tarehe. Hesabu siku. Wape wazee wiki mbili, au tatu. Mkipatana, vizuri. Msipopatana, nenda Tabora mjini siku zikiwa bado zipo. Kwenda kwenye Tume si kutangaza vita. Na huko pia utaanza na msuluhishi.

MAMBO YASIYOSULUHISHWA KIENYEJI

Yako mambo ambayo mzee wala mama yeyote asiyamalize chini ya mwembe. Mfanyakazi akipigwa na kuumizwa, hilo ni la polisi. Msichana wa kazi akibakwa au akilazimishwa mapenzi, hilo ni la polisi na hospitali, mara moja. Asije mtu akasema, "Tuyamalize kwa mbuzi mmoja." Huko si kusuluhisha, ni kuficha uhalifu.

Vivyo hivyo kwa watoto. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Na aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kupewa kazi ya hatari. Hapo hakuna cha kupatana ujira. Mtoto atolewe kazini.

KALAMU YAKO NDIYO SHAHIDI

Ndugu msomaji, wewe umekwisha jifunza kusoma na kuandika. Wapagazi wa zamani wengi hawakuwa na kalamu. Mapatano yao yalikaa kichwani, na kichwa husahau, hasa kichwa cha mwenye kudaiwa. Wewe huna sababu ya kutegemea kichwa peke yake.

Kabla ya msimu kuanza, mwajiri na mfanyakazi wakae dakika kumi na daftari. Maneno yenyewe si magumu:

"Leo tarehe … mimi … nimemwajiri … kufanya kazi ya … kuanzia … mpaka … Saa za kazi ni … Ujira ni shilingi … Chakula na malazi ni juu ya … Malipo yatafanyika tarehe … Tukikosana, msuluhishi wetu wa kwanza ni … Sahihi ya mwajiri … Sahihi ya mfanyakazi … Shahidi …"

Andikeni nakala mbili. Kila mmoja akae na yake. Halafu kila fedha inapotoka, hata elfu tano, iandikwe, na wote wawili watie sahihi. Kama mwenzako hajui kusoma, msomee. Usimwandikie asichokisema. Mwenye kusoma akimdhulumu asiyesoma, elimu yake imegeuka panga.

Tazama tena mfano wetu. Kama maneno "mtu wa kupokezana bani usiku" yangekuwa yameandikwa, huenda mkulima angemtafuta mtu huyo mapema. Tumbaku ingepona, deni la mbolea lingelipwa, na ugomvi usingekuwapo. Usuluhishi ni dawa nzuri, lakini maandishi ni kinga.

Heri kujenga daraja kuliko kujenga ukuta. Daraja la kwanza ni mapatano yanayoeleweka. Likibomoka, mtafuteni mtu wa kulijenga upya, huku mkihesabu siku.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya msuluhishi na hakimu?
2. Katika kijiji chenu, ni mtu wa namna gani anaweza kuaminiwa na mkulima na kibarua pia? Kwa nini?
3. Kijana anadai ujira wa shilingi 400,000. Tajiri amesema atakata 120,000 kwa sababu ya jembe la kukokotwa na ng'ombe lililovunjika. Je, kiasi hicho kimezidi robo ya ujira? Taja mambo mengine ambayo tajiri alitakiwa kuyafanya kabla ya kukata.
4. Mtu aliachishwa kazi tarehe 1 Juni. Siku zake 30 zitaisha lini? Afanye nini kabla ya siku hiyo?
5. Andika katika daftari lako mapatano ya kazi kati ya mwenye ng'ombe na mchungaji. Msomee mwenzako, kisha mwulize kama ameelewa kila neno.

MAANA YA MANENO

Bani: banda la kukaushia tumbaku.
Kirangozi: mwongoza njia wa msafara wa zamani.
Posho: chakula, au fedha ya chakula, anayopewa mfanyakazi.
Sulhu: mapatano baada ya ugomvi.
Mwamuzi: mtu anayesikiliza ushahidi na kukata shauri la kazi.